Hesabu ya Watano

Bangili ilikuwa ya chuma kitupu, haina nakshi wala jiwe. Ilikaa mkono wa kulia, imechubuka pande zote, na kila fundi alipopenyeza mkono kulegeza nati iliyojificha nyuma ya injini ya lori, bangili iligonga chuma: ting. Baba yangu, aliyekuwa amelala chini ya lori hilohilo juu ya gunia, alisema kwa mlio ule alijua mkono wa mwalimu wake umefika wapi. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa pale Kibiti, kando ya barabara ya kwenda Lindi, enzi ambazo barabara hiyo ilikuwa mchanga wakati wa kiangazi na uji wakati wa masika. Wateja walimwita Kalasinga, kama tunavyowaita Masingasinga wote. Baba alimwita fundi. Mimi nilimwita babu Singa, naye akiniita mjukuu, na hakuna aliyeona ajabu.

Amekwenda miaka kadhaa sasa. Nimejaribu mara nyingi kumwandika nikashindwa, kwa sababu kila nikianza na yeye najikuta nimeishia kwa watu wengi. Zamani nilidhani ni udhaifu wa kalamu. Sasa naona mtu yule hakuwa na namna ya kusimuliwa peke yake. Alikuwa Khalsa.

Si kila Kalasinga ni Khalsa, na hili watu wetu wengi hawalijui. Mtu anaweza kuzaliwa katika dini ya Guru Nanak, akaenda gurdwara, nyumba yao ya ibada, akafunga kilemba au asifunge, na bado akawa hajaingia. Khalsa ni wale walioingia kwa hiari yao, wakanywa amrit mbele ya wenzao na kukubali masharti yake maisha yote: nywele zisikatwe, kitana cha mti kikae kichwani, bangili ya chuma mkononi, kisu kiunoni, na kaptura ya ndani ya mshono maalumu. Tumbaku mwiko. Zinaa mwiko. Na nyama iliyochinjwa kwa taratibu zetu Waislamu, nayo mwiko.

Neno lenyewe si geni kwetu kama linavyosikika. Asili yake ni Kiarabu, likapitia Uajemi hadi likafika Punjab, na shina lake ndilo lililotuzalia sisi neno halisi na neno ikhlasi. Kila mtoto wa madrasa Kibiti ameshaihifadhi Suratul Ikhlas kabla hajang'oa meno ya utoto. Katika utawala wa Wamoghuli kule India, neno hilo lilikuwa pia na maana ya shamba: ardhi ya khalsa ilikuwa ardhi ya mfalme mwenyewe, isiyopita kwa kabaila wala mtoza kodi wa katikati. Nilipojifunza hilo nilimwelewa fundi zaidi kuliko kwa mambo yote niliyowahi kusoma. Alijihesabu kuwa ni shamba lisilo na dalali.

Habari za mwaka 1699, Khalsa ilipozaliwa, nilizisikia kwanza kivukoni Ndundu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na mto ukijaa au pantoni ikiharibika, malori yalilala foleni siku mbili, tatu. Fundi aliitwa kutengeneza magari yaliyokufa humohumo kwenye foleni, baba akabeba sanduku la spana, na likizo moja nami nikabebwa. Usiku viboko walikuwa wakikoroma majini, mbu wakitumaliza, na mzee akasimulia.

Siku ya sikukuu ya Vaisakhi, alisema, watu walikuwa wamejaa Anandpur. Guru Gobind Singh, wa kumi katika mfululizo ulioanzia kwa Nanak, alitoka hemani na upanga mkononi akaomba kichwa. Hakuomba sadaka ya mali wala kiapo cha mdomo. Kichwa. Watu wakaangaliana, wengine wakaanza kuondoka. Huyo anayeomba ni mtu ambaye baba yake, Guru Tegh Bahadur, alikatwa kichwa Delhi mwaka 1675, naye alikuwa mtoto asiyetimiza miaka tisa bado. Basi alijua uzito wa alichokuwa anaomba. Akasimama mtu wa Lahore, Daya Ram, akaingia naye hemani. Upanga ukatoka unachuruzika damu. Akaomba cha pili. Akasimama Dharam Das, mkulima wa Hastinapur. Kisha Himmat Rai, mchota maji wa Puri. Kisha Mohkam Chand, fundi wa nguo wa Dwarka. Wa tano Sahib Chand, kinyozi wa Bidar.

Halafu wote watano wakatoka hemani wazima, wamevaa nguo mpya.

Nakumbuka nikiwa mtoto niliuliza kilichochinjwa ni nini. Fundi hakunijibu. Leo swali hilo silioni la maana. Kinachonishika ni yule kinyozi. Mtu aliyeishi kwa wembe anaingia katika watu ambao hawatakata unywele tena. Pale hemani aliacha kichwa, na nje aliacha kazi ya mikono yake.

Guru akachukua bakuli la chuma, akatia maji na vidonge vya sukari, akakoroga kwa upanga wenye makali kuwili huku sala zinasomwa. Akawanywesha wote katika bakuli moja, mkulima na mchota maji na kinyozi, katika nchi ambayo watu wa matabaka hayo hawakuwa wakigusiana vyombo. Akawanyunyizia machoni na nywelini. Akawapa jina moja, Singh, yaani simba. Wanawake wakaitwa Kaur. Kisha akafanya jambo ambalo fundi, kila akilifikia, alikuwa akinyamaza kwanza: akapiga magoti mbele ya wale watano, akawaomba nao wamnyweshe yeye.

Hapo ndipo hesabu inapoanzia. Tangu siku ile amrit haitolewi na mtu mmoja, hata awe mcha Mungu namna gani. Inatolewa na watano walioingia, wanaume kwa wanawake, na penye watano hao Masingasinga wanaamini Guru yupo. Mmoja anaweza kusali. Mmoja anaweza kufunga kilemba chake vizuri na kuamka alfajiri. Mmoja hawezi kumuingiza mwingine.

Fundi mwenyewe alinyweshwa akiwa kijana, Dar es Salaam. "Maji ya sukari tu," alimwambia baba, "lakini mwiko wake ni upanga."

Alfajiri za Ndundu zilikuwa za watu wawili. Baba akitawadha mtoni kwa kopo la mafuta lililosuguliwa, na hatua ishirini pembeni fundi amefungua nywele. Zilikuwa zimefika kiunoni, nyeupe, nyembamba kwenye ncha kama nyuzi za katani. Alizichana kutoka chini kwenda juu, polepole, kwa kitana kile cha mti kilichokatika meno mawili, akazisokota, akazifunga utosini, akachomeka kitana humo, ndipo akaanza kuzungusha kitambaa cha kilemba huku ncha moja ameibana kwa meno. Sala yake ilikuwa ya chini kwa chini. Baba akitoa salamu kulia na kushoto, fundi alikuwa hajamaliza.

Mama yangu aliumia siku ya kwanza fundi alipokataa pilau ya Idi. Alifikiri amedharauliwa. Baba alipomweleza kuwa mtu huyu ameapa, mama alikaa kimya, akaingia jikoni, na tangu mwaka ule sufuria moja ya wali wa nazi na kunde ilipikwa kando kila Idi, haikuguswa na kijiko cha nyama. Fundi alikuja, akala, akaomba ukoko. Wala hakuna aliyebadilisha dini kwa sababu ya sufuria ile, na wala hakuna aliyekusudia hivyo.

Lakini alikuwa peke yake. Hakuzaliwa peke yake; alibaki. Wazee wake walikuwa wale mafundi wa mbao na chuma waliokuja Afrika Mashariki na reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, na waliowafuata nyuma yao. Kwa tuliowajua sisi, Kalasinga alikuwa mtu wa gereji, wa kiwanda cha mbao, wa lori. Husimuliwa kwamba hata neno lenyewe limetokana na mfanyabiashara mmoja wa mwanzo wa Nairobi aliyeitwa Kala Singh. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na hasa baada ya nyumba za kupangisha kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi za Kihindi zilianza kufunga masanduku kwenda Uingereza na Kanada. Sisemi nani alikosea. Baba yangu alisoma bure kwa sababu ya siasa zilezile. Nasema tu kilichotokea kwenye barabara yetu. Zamani, alituambia fundi, ungeweza kukusanya watano kati ya Dar es Salaam na Ikwiriri kwa kupitia gereji moja baada ya nyingine. Wakawa watatu. Wakawa wawili, na yule wa pili alikuwa mgonjwa. Mwishoni akawa anapanda basi kwenda gurdwara ya Dar es Salaam, na akirudi baba alikuwa akimuuliza, "Mlitimia?" Alikuwa akijibu kwa vidole.

Sisi watu wa Rufiji tunaielewa lugha hiyo. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, sala ya Ijumaa inataka wanaume arobaini wenyeji. Shangazi yangu anaishi kijiji kimoja huko delta, safari ya boti kutoka Nyamisati, kati ya mikoko, na alinisimulia Ijumaa moja ya mwaka 2017 walipohesabu na wasifike arobaini. Wengine walikuwa wamekimbia. Wengine hawakujulikana walipo. Wakasali Adhuhuri ya kawaida, wakaenda makwao kabla jua halijapinduka vizuri.

Mwaka ule sitaueleza wote. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Mkengeni, wilayani Kibiti, kwa mpigo mmoja. Kabla yao na baada yao wenyeviti wa vitongoji na viongozi wa vijiji walifuatwa majumbani, usiku, wakauawa, na zipo familia ambazo hadi leo zina mtu aliyetoka na hazina kaburi. Binamu wa baba alikuwa mmoja wa wenyeviti hao. Alizikwa haraka, tanga lake likaanuliwa mapema, kwa sababu watu waliogopa kuonekana wamekusanyika. Hilo ndilo baba alilolilia zaidi. Mtu ameuawa, na hata idadi ya watu wa kumlilia imepunguzwa.

Wiki ile ya msiba ilikuwa ya Vaisakhi. Fundi alikuwa ameshahamia Dar es Salaam kwa uzee, na baba alikwenda kumuona akiwa na mzigo huo kifuani. Mzee aliuliza, "Jina lake?" Baba akamtajia, pamoja na jina la babake. Jioni fundi alisimama, kama wanavyosimama wakati wa Ardas, viganja vimeunganishwa, kichwa kimefunikwa. Sala hiyo inawataja Maguru, inawataja wale watano, inawataja wana wanne wa Guru Gobind Singh, inawataja waliokatwa viungo na waliotoa vichwa kwa ajili ya imani. Huchukua muda kufika mwisho, kwa sababu wafu wake ni wengi na hawaruhusiwi kusahaulika. Baba hakuelewa Kipunjabi. Katikati ya maneno yale alisikia jina la binamu yake, la Kiislamu, la mtu wa Kibiti, limetamkwa vibaya kidogo. Alinisimulia hilo mara tatu, na mara zote tatu alilitamka jina vilevile lilivyotamkwa na fundi.

Nimefikiri sana juu ya wana wale wanne. Wakubwa wawili walikufa vitani Chamkaur, majira ya baridi ya 1704. Ndani ya siku chache wadogo wawili, ambao hawakufika hata miaka kumi, walijengewa ukuta wakiwa hai kule Sirhind, na bibi yao akafa hapohapo kifungoni. Guru alikuwa amepoteza baba, mama, watoto wote. Mtu wa namna hiyo angekuwa na haki ya kuingia ndani na kufunga mlango. Mapokeo ya Masingasinga yanasema alipoulizwa juu ya wanawe aliwaonyesha watu waliokuwa wamemzunguka, wale walionyweshwa, kuwa ndio wanawe. Zamani nililiona jibu hilo kuwa gumu mno, karibu la kikatili. Lakini nimemuona baba yangu akisikiliza jina la ndugu yake kinywani mwa mtu wa dini nyingine, na sasa sioni ugumu ndani yake. Aliyetoa kichwa hemani ameshawapa wengine msiba wake pia.

Fundi naye alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, aliyesoma Uingereza na kubaki huko. Miaka ya tisini ilikuja picha kwa posta. Kijana amekata nywele, kidevu kimenyolewa, anacheka mbele ya gari. Baba alikuwepo bahasha ilipofunguliwa. Fundi aliitazama, akafuta alama za grisi zilizoachwa na vidole vyake, akaiweka katika droo ya sanduku la spana, uso juu. Wakala chakula cha mchana. Ndipo akasimulia habari za arobaini.

Anandpur ilipozingirwa na njaa ikazidi, watu arobaini waliandika karatasi ya kumkana Guru, wakatia saini, wakarudi kwao. Wanawake wao wakawaonea haya. Mwanamke mmoja, Mai Bhago, akatwaa silaha, akawaongoza kurudi. Wakamkuta adui kwenye bwawa la Khidrana mwaka 1705, wakapigana hadi mmoja baada ya mwingine akaanguka. Guru akapita kati yao akiwafuta nyuso. Mmoja, Mahan Singh, alikuwa bado anapumua, na alipoulizwa anataka nini aliomba ile karatasi ichanwe. Guru alikuwa anayo. Katika vita vyote vile, kuhama kote kule, alikuwa ameibeba. Akaichana. Mahali hapo siku hizi panaitwa Muktsar, na wale arobaini, ambao wangeweza kukumbukwa kama watoro, hutajwa kila siku katika Ardas ileile kama waliowekwa huru.

"Aliibeba kwa nini?" baba akauliza.

"Ili awe nayo ya kuchana," fundi akasema, akarudi chini ya gari.

Arobaini yetu sisi ni nyingine. Siku ya arobaini tunasoma hitima, tunapika, tunamuachia marehemu njia yake. Lakini arobaini inataka kaburi, au angalau habari kwamba mtu amekufa. Babu wa baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza walipoisogelea Rufiji Januari 1917, akiwa mmoja wa wabebaji ambao njaa, mvua na kuhara viliwaua zaidi kuliko risasi. Hakusomewa arobaini, kwa sababu hapakuwa na siku ya kuanzia kuhesabu. Katika majeshi yaliyopigana Behobeho mwezi huo kilikuwemo kikosi cha 30th Punjabis, chenye Masingasinga ndani yake, na jeshi la Waingereza wakati huo lilitaka askari wake wa Kisingasinga wawe wamekunywa amrit. Makaburi ya vita ya Kinondoni, Dar es Salaam, yana ukumbusho wa zaidi ya watu 1,500 waliokufa Afrika Mashariki kuanzia Januari ile na ambao makaburi yao hayajulikani. Nimesimama hapo. Singh, Singh, Singh. Si wote walikuwa Masingasinga, maana Wadogra na Warajput nao hubeba jina hilo, lakini wengi walikuwa. Kwa babu wa baba yangu hakuna herufi hata moja. Nililia, na sikujua nalilia jina lililokosekana au yale yaliyojaa.

Fundi nilipomwambia habari ya ule ukuta wa majina wa Kinondoni hakushangaa wala hakufurahi. Dini yao haijengi makaburi. Aliyekufa huchomwa, jivu likatiwa katika maji yanayokwenda, na hakuna jiwe la ukumbusho linalosimamishwa. Taratibu zao zimekataza. "Ukuta umeandikwa na serikali," alisema. "Sisi tunataja kwa mdomo. Mdomo ukikosekana, basi."

Alifariki mwaka 2018. Aliagiza jivu lake lisipelekwe Punjab ambako hakuwahi kuishi, lipelekwe Ndundu.

Mwanawe alikuja kutoka Uingereza, mtu mzima sasa, mvi kwenye masikio, nywele fupi. Kichwani alikuwa amefunga leso ya rangi ya machungwa, ile wanayopewa wageni mlangoni mwa gurdwara. Tulishuka watatu hadi ukingoni, pale ilipokuwa ikitia nanga pantoni, daraja likiwa juu yetu na malori ya Mtwara yakipita bila kusimama. Chungu kilikuwa kimefungwa kitambaa chekundu. Alijaribu sala, akafika katikati akasahau, akatazama chini. Mimi na baba hatukuweza kumsaidia. Tulikuwa watatu, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa ameingia. Baba akanyanyua mikono akasoma Fatiha kimyakimya. Sijui kama inajuzu, na sikumuuliza.

Jivu liliondoka haraka kuliko nilivyotarajia. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ukalipokea, na baada ya pumzi chache hapakuwa na kitu cha kutazama.

Ndipo mwanawe akatoa bangili mfukoni. Walimchoma nayo, kama inavyopasa, na chuma hakiungui. Waliikuta kwenye jivu, nyeusi. Fundi hakuwa ameivua miaka mingi, kwa sababu viungo vya vidole vilikuwa vimevimba kwa kazi na haikuwa inatoka tena. Mwana aliishika kwa vidole viwili juu ya maji, akairudisha. Akajaribu kuivaa. Ilikwama chini ya dole gumba. Akasukuma, akageuza kiganja, akasukuma tena mpaka ngozi ikawa nyeupe.

"Sabuni," baba alimwambia taratibu. "Yeye alikuwa akitumia sabuni."

Hatukuwa na sabuni. Akaitia katika mfuko wa suruali, akatushika mikono mmoja mmoja, akaanza kupanda ukingo. Humo mfukoni ilikuwa pamoja na funguo za gari la kukodi, na kwa kila hatua ilizigonga. Baba alibaki amesimama kwenye tope, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza, mpaka mlango wa gari ulipofungwa.